Mtende Mmoja, Maana Tatu: Ishara katika Sarafu za Shaba za Warumi

Maana ya ishara hutegemea anayeitumia, wakati anapoitumia na hadhira anayoikusudia. Jambo hili linadhihirika katika sarafu za shaba za Dola ya Kirumi. Sarafu hizo zilipita mikononi mwa watu wa kila tabaka, wakiwemo wengi wasiojua kusoma. Kwa hivyo, picha ilibeba sehemu kubwa ya ujumbe. Upande wa mbele kwa kawaida ulikuwa na kichwa cha Kaisari, na upande wa nyuma ukaeleza alilotaka lijulikane.

Mfano mwafaka ni mtende, mti uliotumiwa kuiwakilisha nchi ya Yudea. Majeshi ya Kirumi yaliliteketeza hekalu la Yerusalemu mwaka wa 70 B.K. Mwaka uliofuata, sarafu za Kaisari Vespasian zilikuwa na maneno ya Kilatini IVDAEA CAPTA, yaani 'Yudea imetekwa'. Chini ya mtende ameketi mwanamke anayeomboleza. Katika baadhi ya sarafu hizo, upande wa pili amesimama mateka aliyefungwa mikono. Hapa mtende ni ishara ya ushinde.

Aidha, Vespasian aliwatoza Wayahudi kodi kwa ajili ya hekalu la Jupiter mjini Roma. Wakati wa Kaisari Domitian, kodi hiyo ilikusanywa kwa ukali mno. Nerva alipotwaa madaraka mwaka wa 96, alitoa sarafu yenye mtende uleule, bila mwanamke wala mateka, na maandishi yaliyotangaza kuondolewa kwa dhuluma iliyoambatana na kodi hiyo. Kodi yenyewe haikufutwa. Mtende sasa ukawa ishara ya hisani ya mtawala.

Mwaka wa 132, Wayahudi wakiongozwa na Simon bar Kokhba waliasi. Walizitwaa sarafu zilizokuwa zikitumika chini ya Warumi na kuzipiga chapa upya. Palipokuwa na sura ya Kaisari pakachapwa mtende au ishara nyingine za Kiyahudi, pamoja na maneno ya Kiebrania kuhusu uhuru. Katika baadhi ya sarafu hizo, mabaki ya chapa ya awali yangali yanaonekana. Uasi ulizimwa mwaka wa 135, lakini sarafu zilibaki.

Ni dhahiri, basi, kwamba mchanganuzi wa ishara hatosheki kwa kuutambua mti. Hana budi kuuliza ni nani aliyeupiga chapa, na dhidi ya nani.