Unaota huku unajua unaota! Usicheke, mimi imenirudisha kwetu

HEBU sema ukweli, kijana mwenzangu. Umelala zako geto, neti umeichomeka vizuri, mara unakimbizwa. Anayekukimbiza humjui, ila miguu imekuwa mizito kama umefungiwa mawe, na ukipiga kelele sauti haitoki. Halafu katikati ya kashikashi hiyo kitu kinakuambia kichwani: "Aah, kumbe naota bwana!" Unageuka, unamkodolea macho yule jamaa, na unaamka unacheka peke yako.

Kama imewahi kukutokea, hujarogwa wala hujapata kichaa. Mwaka 2016 wataalamu walikusanya tafiti za miaka 50 wakapiga hesabu: watu kama 55 katika kila 100 wamewahi kuota hivyo walau mara moja maishani, na 23 katika kila 100 huwatokea mara moja kwa mwezi au zaidi. Mimi naziita ndoto za kujijua. Umelala fofofo, unaota, na unajua kwamba unaota. Ukizoea, unaweza hata kuamua humo ndani ukate kushoto au kulia.

Najua unachotaka kuniuliza. Mimi natafuta mshiko, we unaniletea habari za ndoto, zitanisaidia nini? Swali zuri. Ngoja nikujibu kwa mkasa wangu mwenyewe, kisha wewe uamue.

MACHENZA YANAPANDA MLIMA

Mwaka 2019, nilipomaliza kidato cha nne, nilipanda basi Iringa kuja Dar kutafuta maisha. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa makamo, kikapu cha machenza kikiwa miguuni kwake. Alinimenyea moja, akaniambia, "Kula mwanangu, safari ndefu." Tulipopita Mikumi basi likapinduka. Mimi nilivunjika mfupa wa bega. Yule mama hakutoka mzima.

Bega lilipona. Usiku ndio haukupona. Kila wiki, wakati mwingine mara mbili, nilikuwa ndani ya lile basi. Linateremka, dereva hasikii, machenza yanabingirika katikati ya viti, na mimi najua nini kinakuja. Niliamka nimelowa jasho, washikaji wa geto wakinitania kwamba naweweseka kama mzee. Mchana nilikuwa safi tu. Daladala napanda, bodaboda napanda. Lakini basi la mkoani? Thubutu! Nilikuwa naweza kukata tiketi, nikafika hadi mlangoni, magoti yakagoma.

Na kule Iringa yupo bibi yangu, aliyenilea tangu natambaa. Mwaka 2022 aliugua. Ndugu wote walikwenda, mimi nikatuma hela kwenye simu na visingizio. Mshua akasema mjini kumenibadilisha. Sikumjibu. Ningemwambia nini, kwamba naogopa ndoto?

Dawa nilianza kuiona kwenye kitabu cha Kiingereza cha mitumba, kile cha kupangwa chini pembeni ya barabara pale Posta. Kimeandikwa na Mmarekani, Stephen LaBerge. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, nilikisoma kwa kuungaunga, lakini jambo moja nilielewa: kila ndoto ya kujirudia ina kitu chake cha ajabu ambacho hakiwezi kutokea macho. Kijue kitu hicho, ukikiona ujiulize, "Je, naota?"

Nikawaza wiki nzima. Ndipo nikakumbuka. Katika ndoto yangu basi linateremka, lakini machenza yanabingirika kwenda nyuma. Yanapanda mlima! Miaka yote nilikuwa nayaona na sikuwahi kushangaa.

Ilichukua karibu miezi miwili. Usiku mmoja nikayaona yanapanda, na moyoni nikasema, "Machenza hayapandi mlima. Hii ndoto." Kila kitu kikawa wazi kama mchana, hata rangi ya pazia la dirisha niliiona. Hofu ilikuwepo, nisikudanganye, ila haikunishika koo. Sikuruka kama ndege wala sikumsimamisha dereva. Niliinama tu nikaokota machenza, moja moja, nikamrudishia yule mama kwenye kikapu. Akapokea. Nikaamka nalia, na kwa mara ya kwanza sikuwa nalia kwa woga.

Ndoto ilirudi mara chache baada ya hapo, kila mara ikiwa imepungua makali. Sasa hivi hata sikumbuki lini niliiota mara ya mwisho.

WATAALAMU WALISHINDWA KUAMINI

Kuna msomaji hapo anasema huyu kaka kajitungia. Hata wanasayansi walisema hivyo hivyo, tena kwa miaka mingi. Daktari na mwandishi wa Kiholanzi, Frederik van Eeden, aliandika kuhusu ndoto hizi tangu mwaka 1913, na watu wa dini ya Kibudha kule Tibet wamekuwa wakijifunza mambo haya kwa karne nyingi. Lakini maabara ilitaka ushahidi, na mtu aliyelala atatoaje ushahidi?

Jibu lilikuwa machoni. Mwaka 1953 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waligundua kwamba kuna kipindi cha usingizi ambapo macho hucheza haraka haraka chini ya kope, na ndicho kipindi chenye ndoto nyingi. Wakati huo ubongo huizima misuli ya mwili, pengine usije ukaruka dirishani kwa sababu umeota unaruka ukuta. Macho ndiyo hayazimwi. Basi Aprili 1975, Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne alipatana na mwotaji mmoja, Alan Worsley: ukijijua uko ndotoni, peleka macho kushoto na kulia mara kadhaa. Jamaa akalala, nyaya zikiwa usoni, na asubuhi mashine ikachora alama zile zile walizokubaliana. Salamu kutoka ndotoni! LaBerge naye alifanya jambo hilo kivyake Chuo Kikuu cha Stanford, akachapisha mwaka 1981.

Cha kushangaza zaidi ni cha mwaka 2021. Watafiti wa Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi walitangaza kwamba wamewauliza watu maswali wakiwa usingizini na kupata majibu. Kijana mmoja aliulizwa nane toa sita. Akiwa amelala, akacheza macho mara mbili. Wengi hawakujibu, wengine walikosea, lakini majibu ya kweli yalikuwepo.

Hiyo ya misuli kuzimwa ishike vizuri, maana inatuhusu sana sisi watu wa huku. Kuna wakati ubongo unaamka, misuli bado imezimwa. Macho wazi, mwili hauendi, kifua kizito, na unahisi kuna mtu chumbani. Wazee wetu wanasema umekabwa na jinamizi. Mwaka 1995, mimi sijazaliwa, hofu ya Popobawa ilianzia Pemba, ikaingia Unguja, ikavuka hadi Dar. Watu walikesha nje kwenye moto wakiogopa kulala ndani. Kule Unguja mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na kundi la watu waliomdhania ndiye. Watafiti waliolichunguza jambo lile wanaona masimulizi mengi yanafanana na hali hii ya kuamka mwili umezimwa. Sisemi kila aliyesimulia alikosea. Nasema mtu akijua mwili wake unafanya nini usiku, jirani yake anakuwa salama zaidi.

MWENYE MISTARI NA MWENYE CHURA

Tuje kwa wasanii, maana najua mpo. Mshikaji wangu mmoja wa geto anaandika mistari. Usiku mmoja akaota yuko jukwaani, melodi kali ajabu. Akaamka, akashika simu gizani, akajirekodi. Asubuhi tukakusanyika kusikiliza hiyo hiti. Lahaula! Ilikuwa "mmmh mmmh" na mlio wa feni.

Asijisikie vibaya, yalimkuta na mkubwa. Mwanasayansi Otto Loewi aliota jaribio la kuonyesha jinsi mishipa ya fahamu inavyopeleka habari kwenye moyo. Akaamka akaandika kwenye karatasi, akalala. Asubuhi mwandiko hausomeki! Usiku uliofuata ndoto ikarudi. Safari hii hakucheza, alinyanyuka usiku ule ule akaenda maabara, akafanya jaribio kwa mioyo ya vyura. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1936. Paul McCartney wa Beatles naye aliamka na muziki wa "Yesterday" kichwani, akazunguka kuwauliza watu kama ni wimbo wa mtu mwingine. Hawa waliota ndoto za kawaida tu, hawakujijua. Kilichowaokoa ni kutoiacha asubuhi iwaibie.

Anayejijua ndotoni anapata la ziada: anaweza kufanya mazoezi. Wajerumani walichapisha utafiti mdogo mwaka 2010, watu wakirusha sarafu ndani ya kikombe kilicho mita mbili. Kundi moja la watu 20 liliambiwa likafanye zoezi hilo ndotoni. Waliofanikiwa ni 7 tu, lakini hao 7 asubuhi walilenga vizuri kuliko jioni. Kwa hiyo wewe wa mpira unayekosa penalti, au dada unayetetemeka kabla ya usaili wa kazi, kazi kwako. Ila mazoezi ya mchana usiyaache, wale waliorusha macho walipata faida kubwa zaidi.

UNAANZAJE?

Daftari na kalamu chini ya mto. Ukiamka usishike simu kwanza, lala hivyo hivyo, jiulize umeota nini, kisha andika hata kama ni upuuzi. Wiki mbili tatu utaanza kuona vitu vyako vinavyojirudia, kama machenza yangu.

Mchana jizoeze kujihoji. Soma maandishi ya kanga ya mama anayepita mbele yako, tazama pembeni, kisha soma tena. Macho, maneno ni yale yale. Ndotoni mara nyingi herufi hugeuka. Ukizoea mchana, usiku utafanya hivyo bila kupanga. (Kina kaka, tazameni kanga kwa heshima, msije mkapigwa vibao mkasema gazeti limewatuma.)

Njia kali zaidi ni hii. Tega alamu ikuamshe baada ya saa tano za usingizi, kwa sababu ndoto ndefu ziko alfajiri. Kaa macho dakika chache, kumbuka ndoto uliyotoka, na ukiwa unarudi kulala ujisemee: "Nikiota tena, nitakumbuka kwamba naota." Useme ukiwa unamaanisha. Utafiti wa Australia wa mwaka 2017 ulikuta waliochanganya mbinu hizi walifanikiwa kama usiku 17 katika kila 100. Kwa wale waliopata usingizi ndani ya dakika tano baada ya kujisemea, ilikaribia nusu.

Sasa usiwe mlafi. Kujiamsha kila usiku kutakumaliza, na kama wewe ni dereva wa bodaboda au unashika mashine, usingizi wako ni uhai wa watu. Fanya siku ambayo kesho yake una nafasi. Mwenye tatizo la akili, au ambaye mchana wenyewe unamchanganya na ndoto, aachane kabisa na mchezo huu. Na kama umepatwa na jambo zito zaidi ya langu, mtafute daktari au mshauri, daftari peke yake halitoshi.

Desemba 2023 nilipanda basi. Nilikaa dirishani, na tulipofika Mikumi nilifumbua macho makusudi nikapatazama. Ni barabara tu, na nyani wamekaa pembeni.

Bibi nilimkuta uani anapepeta mahindi, amekonda lakini ulimi ni ule ule. "Shikamoo bibi." "Marahaba mume wangu, ulikuwa umeoa huko?" Jioni nikamsimulia yote, basi, machenza, hadi kitabu cha Mmarekani. Alinisikiliza kimya mpaka mwisho, kisha akacheka sana.

"Ndiyo umesoma kwenye kitabu hilo? Mimi kulikuwa na chui ananifukuza kila usiku, binti mdogo wa miaka kumi. Siku moja nikamwambia, we chui, hapa ni kitandani kwa mama yangu, toka. Akatoka."