Istanbul na Bara la Tatu

Kila anayekwenda Istanbul hupokewa na maelezo yale yale: huu ni mji mmoja uliokalia mabara mawili. Na ni kweli. Mlango-bahari wa Bosphorus unaupasua mji, magharibi ni Ulaya na mashariki ni Asia, na feri za Eminönü huvusha watu hadi Üsküdar kabla hawajamaliza gilasi ya chai. Daraja la kwanza lilifunguliwa mwaka 1973, na tangu 2013 treni ya Marmaray hupita chini ya bahari. Mgeni hupiga picha zake akarudi hotelini akiamini ameshauelewa mji. Mimi nasema hesabu hiyo ina upungufu. Mabara yaliyoujenga Istanbul ni matatu, na la tatu ni Afrika. Alama zake ziko katika mitaa ile ile wanayopitishwa watalii wote, ila ni nadra mtu kuambiwa atazame.

Mgeni aanzie Sultanahmet, palipokuwa na uwanja wa mbio za magari ya farasi enzi mji ukiitwa Constantinople. Katikati umesimama mnara wa jiwe moja, itale jekundu la Aswan, uliochongwa kwa amri ya Farao Thutmose III zaidi ya miaka 3,400 iliyopita kwa ajili ya hekalu la Karnak. Kaizari Theodosius wa Kwanza ndiye aliyeusimamisha hapa mwaka 390. Kilichopo ni sehemu ya juu tu, kwani ya chini ilipotea. Ukisogea karibu utaona kwamba jiwe lenyewe haligusi kitako chake: limekalia vipande vinne vya shaba nyeusi, kimoja kila pembe, na mwanga hupenya kati yake. Kitako ni cha marumaru. Upande mmoja kaizari ameshika taji la majani la kumvika mshindi, upande mwingine mateka wamepiga magoti wakileta zawadi. Yapo pia maandishi ya Kilatini na ya Kigiriki, wala hayapatani: ya Kilatini yanadai kazi ya kuusimamisha mnara ilichukua siku 30, ya Kigiriki yanasema 32. Juu ya majigambo hayo, maandishi ya Wamisri yangali makali na yanasomeka vizuri, ilhali marumaru, ambayo ni changa kwa zaidi ya miaka 1,800, imechakaa.

Ukifuata reli ya tramu kupanda mtaa wa Divanyolu unafika Çemberlitaş, nguzo ya Kaizari Constantine aliyeuzindua mji mwaka 330. Imefungwa mikanda ya chuma isianguke, lakini rangi yake ya zambarau iliyoiva bado inaonekana. Jiwe hilo, porfiri, lilichimbwa katika milima ya jangwa la mashariki mwa Misri, kati ya Nile na Bahari ya Shamu, na watawala wa Roma walilifanya kuwa jiwe la kifalme. Nguzo nane za porfiri ziko pia ndani ya Hagia Sophia, jengo lililokamilika mwaka 537 na ambalo tangu 2020 limerudi kuwa msikiti. Hata hivyo mawe ni fahari tu; tumbo ndilo lenye habari kubwa zaidi. Kuanzia mwaka 332 mji uligawa mikate 80,000 kwa siku bila malipo, na ngano yake ilitoka bonde la Nile kupitia Alexandria. Pepo za kaskazini zilipozuia meli kuingia mlango-bahari wa Dardanelles, mizigo ilikwama, hata Kaizari Justinian akajenga ghala kubwa katika kisiwa cha Tenedos ili meli zishushe na kurudi kuchukua shehena nyingine. Waajemi walipoiteka Misri, ugawaji wa mikate ukafa mwaka 618. Mji ambao bara jingine likifungwa unakosa mkate hauwezi kuelezwa kwa mabara mawili.

Kuna watakaopinga kwamba Misri ya kale ilikuwa ya ulimwengu wa Mediterania, na kuiita Afrika ni kulazimisha mambo. Pingamizi hilo lina uzito, maana hata wanajiografia wa Kigiriki, waliohesabu sehemu tatu za dunia, walibishana mpaka upite wapi, na wengine waliuweka kwenye mto Nile wenyewe. Lakini hoja haiishii Misri. Mwaka 1585 nahodha wa dola ya Waosmani, Ali Bey, alishuka kutoka Bahari ya Shamu hadi pwani ya Waswahili, na miji kadhaa ikamuunga mkono dhidi ya Wareno. Aliporudi tena pwani hiyo alijenga ngome Mombasa, akashindwa na kutekwa mwaka 1589. Wareno, waliokuwa wamepata fundisho, walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593. Ngome hiyo tunayoijua wote, kwa sehemu, ni jibu kwa dola iliyotawaliwa kutoka Istanbul.

Uzito zaidi uko kwa watu. Katika kasri la Topkapı, mlango wa nyumba ya wanawake wa sultani ulilindwa na matawashi Waafrika, waliochukuliwa utumwani wakiwa watoto kutoka Uhabeshi, Sudan na kwingineko. Kuanzia karne ya 16 mkuu wao alisimamia pia mali za wakfu za Makka na Madina, cheo kilichompa sauti kubwa katika dola. Beshir Agha, mzaliwa wa Uhabeshi, alishika nafasi hiyo tangu 1717 hadi kifo chake 1746, na mawaziri wakuu walipanda na kushuka kwa ushawishi wake. Msikiti wake, pamoja na maktaba na madrasa aliyoijenga, upo hadi leo karibu na bustani ya Gülhane.

Je, huko ni kukutana, au ni kuporwa? Mnara ulichukuliwa, watoto waliuzwa na kuhasiwa, na biashara ya watumwa kutoka Afrika ilipigwa marufuku na sultani mwaka 1857 tu. Maumivu hayo hayapunguzwi na utukufu wa Beshir Agha. Lakini kipimo hicho kikitumika kwa Afrika, kitumike kwa wote. Wapiganaji wa msalaba kutoka Ulaya waliupora mji mwaka 1204, na farasi wanne wa shaba waliowachukua wako Venice hadi leo. Sultani Mehmed wa Pili wa Waosmani aliingia mwaka 1453 kwa mizinga. Hakuna anayesema kwamba kwa sababu hiyo Ulaya na Asia zifutwe katika simulizi ya mji. Kwa hiyo mwenye nafasi ya kuona sehemu moja tu ndani ya Topkapı, ushauri wangu ni kwamba aache chumba cha vito na foleni yake, aingie nyumba ya wanawake, na asimame kidogo kwenye vyumba vya matawashi, ambavyo wengi huvipita haraka kwenda kuona vyumba vya sultani.