Njaa ya Betri Ndogo

Asubuhi ile nilibonyeza rimoti, mlango usiitike. Nikachomoa ufunguo mdogo wa chuma uliofichwa ndani yake, nikafungua kwa mkono, nikakaa, nikakanyaga breki na kubonyeza kitufe cha kuwashia. Taa za dashibodi zilififia kama koroboi iliyoishiwa mafuta, kisha kukawa kiza. Gari lenyewe ni Nissan Leaf ya kilowatisaa 40, lililotumika Japani kabla ya kushushwa bandarini Mombasa, na usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimelichaji hadi asilimia 90. Chini ya viti mlikuwa na umeme wa kunifikisha Malindi na kunirudisha hadi Kilifi, lakini gari halikuwa na nguvu ya kuteremsha kioo.

Iliyokufa ni betri ya pili, ile ya volti 12 inayokaa chini ya boneti, ya risasi na asidi, sura ileile ya betri ya gari la petroli. Wengi hushangaa kusikia kwamba gari la umeme nalo linayo. Sababu ni usalama. Betri kubwa ya Leaf ina volti zipatazo 350, za kuua mtu, nayo hutengwa na gari zima kwa swichi nzito ambazo hushika pale tu zinapopata umeme wa volti 12. Ukiliwasha gari ukatega sikio utazisikia zikigonga: tak, tak. Umeme huo mdogo ukikosekana swichi huachia, na gari likipata ajali zile nyaya nene za rangi ya machungwa hazibaki na moto kutoka kwenye betri kubwa. Mpango huo ni mzuri na siutetei kwa shingo upande. Lakini kompyuta, kufuli, taa, waipa na hata mfumo wa breki navyo hula kwenye betri hiyohiyo, na ikizimika kabisa huwezi hata kulichaji gari, maana chaji haipiti mpaka swichi zishike.

Kwenye gari la petroli tumezoea betri inayochoshwa na stata. Leaf haina stata. Kinachotakiwa ni ampea chache za kuziamsha kompyuta na kushikisha swichi, halafu konvata ya gari huteremsha umeme wa betri kubwa na kulisha kila kitu. Basi kwa nini betri yenye kazi nyepesi hivyo ife mapema?

Nilinunua nyingine ya risasi, na safari hii nikaweka mita. Gari lilipowaka, vichwa vya betri vilisoma volti 14.3. Dakika chache baadaye zilishuka hadi 13.0, zikatulia hapo hata nikizunguka mjini kutwa nzima. Nikiwasha waipa zilipanda, nikizima zikashuka. Hapo ndipo nilipouona ugonjwa wenyewe. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika husoma kama volti 12.7, na ili ijae sawasawa inahitaji kusukumwa kwa volti zaidi ya 13.5 kwa saa kadhaa. Kuipa 13.0 ni kuipa uji mwepesi kila siku: haifi kwa njaa leo, lakini haishibi kamwe. Kwenye bamba zake hujitanda fuwele za salfeti ambazo mwanzoni huyeyuka kwa chaji nzuri, na zikiachwa wiki baada ya wiki hukakamaa, zikazuia sehemu ya bamba isifanye kazi tena. Udhaifu huo umo kwenye aina hii ya betri tangu Gaston Planté alipoibuni Ufaransa mwaka 1859. Ongeza joto la pwani, linaloharakisha kutu ya bamba na kukausha maji ya ndani, na miaka miwili yatosha kuimaliza.

Ndipo nikaamua kuiacha risasi na kuweka betri ya lithiamu. Lithiamu inayofaa kushika nafasi hiyo ni ile ya chuma na fosfeti, iliyotokana na utafiti wa kundi la John Goodenough kwenye Chuo Kikuu cha Texas miaka ya 1990. Seli nne za volti 3.2 zikiunganishwa mfululizo hutoa 12.8, karibu sana na risasi, na ndiyo maana zinaweza kuchukua nafasi yake. Lakini tabia zao ni tofauti. Lithiamu hii haisumbuliwi na kukaa nusu tumbo, na ikiwa na joto hupendelea kukaa hivyo kuliko kujazwa pomoni. Zile volti 13.0 zinazoidhoofisha risasi, lithiamu inaweza kuishi nazo miaka.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Kwenye 13.0 lithiamu hiyo haikai imejaa; inakaa kwenye theluthi moja hivi ya uwezo wake. Aliyenunua ya ampea-saa 30 kwa kuwa ni nyepesi na bei yake inavumilika, akiegesha gari huwa ana kama 10 tu za kulinda mlango, kengele na kompyuta zisizolala. Mimi nilichagua kwa kupigia hesabu theluthi hiyo, si namba iliyochapishwa ubavuni.

Siku ya kuibadilisha, fundi alifungua nati kwa spana namba 10, akaanza na upande wa hasi kama inavyotakiwa, akaitoa ile ya risasi yenye kilo 12 hivi na kuweka mpya isiyofika nusu ya uzito huo. Akagusisha mita: 12.8. "Imejaa hiyo, bosi, twende kazi." Ingekuwa risasi, angekuwa sahihi. Kwa lithiamu, 12.8 ni betri iliyobakiwa na sehemu moja kati ya tano. Fundi huyu ni hodari na simlaumu. Mkono wake umesomea risasi miaka 20, na namba zile kwake zina maana moja. Risasi hukuonya kwa kushuka taratibu. Lithiamu husimama palepale, volti 13 na kidogo, mpaka karibu na mwisho, kisha huporomoka.

Ikiporomoka, saketi ya ulinzi iliyofungiwa ndani hukata umeme wote ili seli zisiharibike. Mita itasoma sifuri, na anayezoea risasi atasema betri imekufa, kumbe imejifungia na inasubiri chaji iamke. Kwa hiyo sharti langu la kwanza ni betri iliyotengenezwa kwa ajili ya gari, si ya sola iliyobandikwa vichwa vingine, na mwenye kuiuza aweze kukueleza inaamshwaje. Chaja zile za karakana zenye hatua ya "kufufua" betri kwa volti 15 au 16 zisiisogelee. Aliyeko Oslo au Minneapolis ana sharti lake zaidi: lithiamu hii haichajiwi chini ya nyuzi sifuri mpaka ipashwe moto.

Viwanda navyo vimeanza kuiacha risasi. Tesla walihamia lithiamu kwenye betri hii ndogo mwaka 2021, lakini waligeuza mfumo mzima, na yao mpya ina volti 15 na nusu hivi. Huwezi kuichukua ukaipachika kwenye gari lao la zamani. Kiwanda hubadilisha betri pamoja na kinachoilisha. Sisi tunabadilisha betri peke yake, na gari halijui.

Betri yangu ya zamani ya risasi ilibaki barazani kwangu, na hapo sikuweza kuwa mwepesi. Mombasa tunajua risasi hufanya nini. Owino Uhuru, mtaa wa Changamwe, uliishi jirani na kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo, aligundua sumu ya risasi imemwingia mwanawe mchanga. Alipata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015; mahakama iliwapa wakazi shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, uamuzi ukatenguliwa kwenye rufaa, na Mahakama ya Juu ikaurudisha Desemba 2024. Watoto wa mtaa ule wamekua katikati ya tarehe hizo.

Wanunuzi wa skrepu walipita watatu. Kila mmoja nilimuuliza betri inapelekwa wapi na asidi inamwagwa wapi. Wa kwanza alicheka, wa pili akaniongeza shilingi mia mbili ili niache maswali. Wa tatu alinipa jina la mahali na nambari ya simu, nikapiga, nikaenda mwenyewe na betri imesimama wima ndani ya beseni nyuma ya gari. Nilikaa pale mpaka nikaona inapowekwa.