Kadi ya Michoro ya Kompyuta: Tupime Kwanza, Tununue Baadaye



Miongoni mwa barua tulizozipokea imo ya dada yetu wa Dagahaley, mojawapo ya kambi za Dadaab katika Kaunti ya Garissa. Dada huyu anayo kompyuta ya mezani aliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, naye hujipatia riziki kwa kuhariri video za harusi na kutengeneza kadi za mialiko. Zamu yake ya ayuuto ilipofika, yaani mchezo wa kuchangiana ambao sisi wa pwani twauita upatu, aliagiza kadi ya michoro kutoka Nairobi ili kazi yake iende kwa kasi. Ilipowasili, haikuingia ndani ya kasha la kompyuta. Ilikuwa ndefu na nene, tena ilidai waya wa umeme ambao kompyuta yake haina. Muuzaji akamjibu kwamba mali ikishauzwa hairudi.

Tumeona vyema kuijibu barua hii hadharani. Kwa mkaazi wa Mombasa, kosa la namna hii hugharimu nauli ya matatu ya kurudi dukani. Kwa mkaazi wa Dagahaley, Nairobi iko zaidi ya kilomita 400, na mkimbizi hatoki kambini ila kwa kibali. Na fedha za upatu si za mtu mmoja: ni jasho la wanawake kadhaa waliojinyima ili mwenzao asimame.

Je, twaihitaji?

Kadi ya michoro ndiyo ichorayo kila tukionacho kwenye skrini. Kompyuta nyingi za ofisi tayari zina uwezo huo ndani ya prosesa. Kwa kuandika barua, kusikiliza mawaidha ya video, au kuandika insha za masomo ya mbali, kama wafanyavyo waliojiunga na vyuo vikuu kupitia mradi wa BHER ulioanza Dadaab mwaka 2013, uwezo huo watosha. Kompyuta ya kazi hizo ikiwa nzito, mara nyingi dawa yake ni kuongeza RAM na kubadilisha diski ya zamani kwa SSD. Kununua kadi katika hali hiyo ni israfu. Lakini mwenye kuhariri video au kuchora ramani za majengo ana haja ya kweli, na dada yetu ni miongoni mwao. Tena ieleweke kwamba haya yahusu kompyuta za mezani. Kwenye laptopu, kadi hii kwa kawaida haibadilishwi.

Mambo manne ya kupima

La kwanza ni nafasi. Tufungue kasha, tuangalie kwenye ubao mama tundu refu liitwalo PCI Express x16, kisha tupime kwa rula urefu, kimo na upana uliopo. Kompyuta nyembamba za ofisi hutaka kadi ya kimo kifupi, yenye kipande kifupi cha bati cha kufungia. Kadi ya kimo cha kawaida haitaingia hata tukiisihi.

La pili ni umeme. Tundu hilo hutoa umeme usiozidi wati 75. Kadi ihitajiyo zaidi hudai waya wa ziada wa pini 6 au 8 kutoka kwenye pawa saplai. Tuchukue mfano wa Dell OptiPlex 7010 ya umbo dogo: pawa saplai yake ni ya wati 240 tu, haina waya huo, na umbo lake si la kawaida, hivyo kuibadilisha ni taabu. Kompyuta kama hiyo yafaa kupewa kadi itosheayo umeme wa tundu pekee. GT 1030 hutumia takriban wati 30. GTX 1050 Ti na GTX 1650 hufikia wati 75, na zote zimewahi kutolewa kwa kimo kifupi. Lakini tuwe macho: baadhi ya GTX 1650 hudai waya wa ziada. Nayo GT 1030 ina aina mbili, ya kumbukumbu ya GDDR5 na ya DDR4, na hii ya pili ni dhaifu mno ingawa jina ni moja. Zaidi ya hayo, GT 1030 haina sehemu ya kusaidia kutengeneza faili la video, kwa hiyo haimfai sana mhariri wa harusi.

La tatu ni skrini. Skrini nyingi za zamani zina tundu la VGA pekee, ilhali kadi tulizozitaja kwa kawaida hazina tundu hilo. Mwenye skrini hiyo aongeze katika bajeti yake kigeuzi cha HDMI kwenda VGA.

La nne ni umri wa ubao mama. Kadi mpya huweza kukataliwa na BIOS ya zamani. Nyingine, kama RX 6400, hutumia njia nne tu za mawasiliano, na katika ubao wa zamani hupoteza sehemu ya kasi yake. Tumtajie fundi jina kamili la kompyuta yetu kabla ya kumtajia jina la kadi.

Kisha kuna mazingira. Dagahaley ni mahali pa joto na vumbi, na umeme mwingi wa sokoni hutoka kwenye majenereta ya watu binafsi. Kifaa cha kusawazisha umeme kiwepo, na feni zisafishwe mara kwa mara.

Ghushi na haki ya mnunuzi

Sokoni zimo kadi za kale zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kwa jina la kadi bora. Zimo pia zilizochoshwa kwa kuchimba sarafu za kidijitali usiku na mchana. Programu ya bure iitwayo GPU-Z husaidia kufichua nyingi za bandia. Sote twakumbuka kisa cha Mtume (s.a.w.) alipotia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni, akakuta chini ni mbichi na juu ni kavu, akamkemea muuzaji. Kadi hizi ni nafaka ile ile.

Hata hivyo, tuseme haki. Kadi ya dada yetu haikuwa mbovu, haikuafiki tu. Muuzaji hakuuliza, naye hakueleza. Kwa hali kama hii, madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na wengi wa pwani na ndugu zetu Wasomali, yaruhusu khiyari ya sharti: wawili hao hukubaliana ndani ya mapatano yenyewe muda usiozidi siku tatu ambao mauzo yaweza kuvunjwa. Sharti hilo huwekwa kabla ya kulipa, si baada ya majuto. Na kwa kuwa mzigo huchukua muda njiani, ni bora jamaa aliyeko Eastleigh aende dukani akiwa na vipimo vyetu, aione kadi ikifanya kazi, ndipo alipe.

Kwa dada yetu, ushauri wetu ni huu. Aiuze kadi hiyo kwa mwenye kasha kubwa na pawa saplai yenye nguvu, akimweleza wazi mahitaji yake yote, asije akampa mwenziwe hasara iliyompata yeye. Kisha atafute GTX 1650 ya kimo kifupi isiyodai waya, naye awe ameandika vipimo vyake kwenye karatasi kabla ya kutoa shilingi moja.

Mwenyezi Mungu ambariki katika kazi ya mikono yake, na awalipe kheri waliomchangia.

Wabillahi tawfiq.