Masisi na Walikale: Mti ukiangukia nyumba ya jirani, nani atalipa?

Kwenye vilima vya Masisi, kaliptusi zinakatwa karibu kabisa na nyumba; Walikale ni miti mikubwa ya pori. Tawi likivunja mabati ya jirani, patroni wa mashini ndiye anaingia mfukoni.

Sheria ya Machi 2015 ilimaliza ukiritimba wa SONAS, kampuni ya serikali iliyoundwa 1966. Sasa yako pia makampuni ya watu binafsi, yenye kupewa ruhusa na ARCA: hiyo ruhusa iulizwe kwanza. Kisha iombwe bima ya hasara kwa watu wengine, na kazi ya kukata miti iandikwe wazi. Ile ya pikipiki haisaidii hapa. Wafanyakazi waandikishwe CNSS. Ukurasa wa yasiyolipwa usomwe polepole: mara nyingi vita imo.