Rufani ya Mtoto wa Chuo

Katika mashindano ya kusoma Qur'ani hapa kwetu Lusewa, mtoto mmoja wa chuo changu alipunguziwa alama kwa kusoma "Maliki" katika Alhamdu pasi na kuivuta mim. Babaye akasimama kwa hasira, ataka kumwondoa mwanawe. Nikamzuia, na baada ya sala ya adhuhuri nikawaendea waamuzi.

Imepokewa katika Bukhari kuwa Sayyidna Umar alimsikia Hisham bin Hakim akisoma Suratul Furqan kwa namna asiyoijua yeye. Akamkamata kwa nguo yake hata kwa Mtume (s.a.w.). Mtume akaamrisha aachiwe kwanza, akamsikiliza Hisham, kisha Umar, na kila mmoja akamwambia kuwa ndivyo ilivyoteremshwa.

Basi nikaeleza kuwa kisomo cha Warsh, kisomwacho Moroko, hakiivuti mim ile. Mtoto amekidaka katika simu ya kaka yake. (Simu hizi nazo zimekuwa walimu!) Wakanisikiliza mpaka mwisho, kisha wakanionyesha karatasi ya masharti: Hafs peke yake. Saini ni yangu, nami sikuisoma.

Alama hazikurudi. Lakini mwamuzi mkubwa alimwita mtoto, akamwambia mbele ya watu kwamba hakuikosea Qur'ani, aliyekosea ni mwalimu wake.