Lami ya Changamwe Inavyozeeka kwa Jua na Hewa

Wadi ya Airport, katika eneobunge la Changamwe, ilipata jina kwa jirani yake mkubwa, Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi. Njia kuu ya kurukia na kutua ina urefu wa zaidi ya kilomita 3, yote lami. Ndege hukanyaga katikati. Kandokando, magurudumu yasikofika mara nyingi, lami hushinda ikipigwa na jua tu. Mtu angedhani huko ndiko itakakodumu, lakini wahandisi wa viwanja vya ndege duniani wameona mara nyingi nyufa zikianzia papo hapo.

Mzigo si adui pekee wa lami. Hewa nayo huila.

Lami ni masalio mazito ya mafuta ghafi, yanayobaki chini baada ya petroli, dizeli na mafuta ya taa kutolewa. Viwanda vya kusafisha mafuta, kama kile cha Changamwe kilichofanya kazi tangu 1963 hadi 2013, huyapata kwenye mitambo yao. Na kwa kuwa ni mafuta, lami ina udhaifu wa mafuta: mafuta ya kupikia yakiachwa wazi huchacha, kwani oksijeni huyavunja na kuyaunda upya. Ndani ya lami sehemu nyepesi hupungua, zile nzito na ngumu huongezeka. Inapauka, inatoka weusi na kuwa kijivu. Haivutiki tena, hivyo inapotanuka mchana na kusinyaa usiku hupasuka, na kokoto huanza kung'oka. Barabarani hayo huleta mashimo. Uwanjani ni hatari zaidi, maana kokoto iliyolegea inaweza kuvutwa ndani ya injini ya ndege.

Pwani ina kila kinachoharakisha kazi hiyo. Uso mweusi wa lami unaweza kufikia nyuzi 60 za selsiasi hata hewa ikiwa 32 tu, na kemia hukimbia kadiri joto linavyopanda. Miale ya urujuanimno nayo huunguza tabaka jembamba la juu.

Lakini pigo kubwa huja kabla barabara haijafunguliwa. Katika kiwanda cha kuichanganya na kokoto, lami hupashwa moto hadi nyuzi 150 na zaidi, kisha hupakwa juu ya kokoto za moto kwa utando mwembamba sana, hewa ikiizunguka pande zote. Ndiyo maana maabara hupima uzee wa lami kwa hatua mbili. Kwanza huizungusha kwenye tanuri la nyuzi 163 kwa dakika 85, kuiga kiwanda. Kisha huiweka saa 20 katika chungu chenye hewa ya mgandamizo mkubwa, kuiga miaka ya barabarani.

Hapo ndipo antioksidanti zinapoingia. Hizi ni kemikali zinazoiwahi oksijeni kabla haijaiharibu lami: jamii ya fenoli, vitamini E, misombo ya zinki itumikayo katika oili ya injini, hata lignini, gundi ya asili ya miti ambayo viwanda vya karatasi huitoa kama taka. Nyingi hung'ara maabara na kufifia barabarani, kwa sababu hujitoa mhanga na kwisha wakati lami ina miaka mingi mbele yake. Zaidi ya hayo, lami ya kila chimbuko la mafuta ina kemia yake, na dawa iliyofaa hii huenda isifae ile.

Kiungo chenye historia ndefu zaidi pengine hakitawashangaza Waswahili: chokaa. Mawe ya Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa 1593, yameshikwa nayo. Marekani imeichunguza katika lami tangu miaka ya 1970, na kipimo cha kawaida ni kilo 1 hadi 1.5 ya chokaa iliyozimwa kwa kila kilo 100 za kokoto. Kikemia si antioksidanti halisi. Hunasa sehemu zenye asidi ambazo oksijeni ingezigeuza kuwa ngumu. Faida ya ziada ni kwamba lami hushikamana vizuri na kokoto hata zinapolowa, jambo lisilo dogo mahali penye masika.

Joto linaloizeesha lami huwagusa pia mafundi wake, nao wana mapafu. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliweka mvuke wa lami ya barabarani katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Na mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliripoti kuwa mvuke unaotoka kwenye lami uliongezeka maradufu joto lilipopanda kutoka nyuzi 40 hadi 60. Kuchanganya lami kwa joto la chini, kwa teknolojia zinazoruhusu hilo, humpunguzia fundi mvuke na kuipunguzia lami uzee kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, hakuna kiungo kinachofidia ushindiliaji mbovu. Lami iliyobaki na matundu ya zaidi ya asilimia 8 hivi huanza kupitisha hewa na maji, na oksijeni hupata njia ya kushuka hadi chini badala ya kuishia juu. Mkandarasi anayenunua antioksidanti ya bei ghali huku akiwaondoa mapema waendesha mitambo ya kushindilia amelipia vitu viwili vinavyopingana.